Texas, Mji Gani? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Pa Kuishi Kabla ya Kutia Saini

Swali hili huja kwa simu, aghalabu usiku, kutoka kwa mtu aliyeko Nairobi, Kigoma au Minnesota, ambaye amekwisha kuamua kuhamia Texas na sasa anataka atajiwe mji mmoja tu: Houston, Dallas, Austin au San Antonio? Zamani nilikuwa nalijibu papo hapo, kama mtu aliyeulizwa stendi ya basi iko wapi. Siku hizi namuuliza kwanza anafanya kazi gani, mwenzi wake anafanya nini, watoto wana umri gani, nyumbani kuna magari mangapi na kama yupo mgonjwa, kwa sababu nimeona familia mbili zikiishi katika mji wenye jina moja, moja ikistawi na nyingine ikihesabu miezi ya mkataba iishe, ilhali kinachozitenganisha ni kilomita kumi na mpaka mmoja wa kaunti.

Jimbo hili ni kubwa kiasi kwamba neno "Texas" peke yake halimwambii mtu lolote. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 29,145,505 katika kaunti 254. Kutoka El Paso hadi Houston ni takriban kilomita 1,200, mwendo unaozidi kidogo safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, na kutoka Dallas hadi Houston ni kama kilomita 385. Hata jina la mji lina udanganyifu wake. Anwani nyingi zinazoandikwa "Katy" ziko nje kabisa ya mipaka ya mji wa Katy: mji wenyewe ulikuwa na wakazi wasiozidi 22,000 katika sensa hiyo, lakini wilaya ya shule yenye jina hilohilo ina wanafunzi zaidi ya 90,000, walioenea katika kaunti tatu. Kwa hiyo mtu anayesema "nahamia Katy" bado hajasema atalipa kodi kwa nani, mtoto wake atasoma wapi, wala maji ya mvua yatapita upande gani.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kazi na kuishia kwenye anwani. Chukua daftari, chora jedwali, na kila nyumba unayoifikiria uipe mstari wake: mji, kaunti, wilaya ya shule, wilaya ya maji, mwenye umeme, hali ya mafuriko, na dakika za kufika kazini. Nyumba itakayobaki na nafasi tupu usiitilie saini.

Hatua ya kwanza: tafuta kazi iliko, kisha uuangalie mji

Kila mji mkubwa wa Texas una kazi zake za asili. Houston imejengwa juu ya mafuta, bandari na hospitali. Texas Medical Center, iliyo kusini mwa katikati ya mji, ndiyo kituo kikubwa kuliko vyote duniani cha hospitali na vyuo vya tiba vilivyokusanyika mahali pamoja, na muuguzi mwenye leseni ya jimbo hili hakosi pa kubisha hodi. Dallas na Fort Worth, ambazo ziko umbali wa kilomita 50 hivi na zinashirikiana uwanja mmoja mkubwa wa ndege, zina mabenki, makampuni ya simu, viwanda vya ndege na, juu ya yote, maghala na malori, kwa kuwa barabara kuu kadhaa za nchi zinakutana hapo. Austin ni mji wa serikali ya jimbo, chuo kikuu na makampuni ya teknolojia, na bei zake zinaonyesha hivyo. San Antonio inategemea kambi za jeshi, hospitali, bima na utalii. Midland na Odessa huishi kwa mafuta tu: bei ya pipa ikipanda, kodi ya pango hupanda nayo, na ikishuka, mtaa mzima huanza kutafuta kazi siku moja. Amarillo, kaskazini kabisa, ina viwanda vya nyama ya ng'ombe ambavyo vimeajiri wakimbizi wengi, wakiwemo Wakongomani.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la kuchagua mji kwa kazi ya mtu mmoja katika nyumba ya watu wawili. Mume ana kazi ya lori na anaweza kuishi karibu popote penye maegesho na barabara kuu. Mke anasomea uuguzi na anahitaji chuo, hospitali ya mafunzo na mtu wa kumwangalia mtoto saa kumi na moja alfajiri. Hapo kazi ya mke ndiyo inayopaswa kuchagua mji, kwa sababu ndiyo yenye masharti mengi. Andika masharti ya kila mmoja kabla ya kufungua ramani.

Hatua ya pili: piga hesabu ya kodi zote mbili

Kiswahili chetu kina neno moja, kodi, kwa fedha anazolipwa mwenye nyumba na kwa fedha anazolipwa serikali, na mkanganyiko huo umewagharimu watu. Hapa nitasema kodi ya pango na kodi ya majengo.

Utaambiwa kwamba Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, na ni kweli. Utakayolipa ni ile ya serikali kuu tu. Lakini jimbo linapaswa kuendesha shule na hospitali kwa fedha fulani, na fedha hizo hutoka kwenye majengo na kwenye manunuzi. Kodi ya manunuzi ni asilimia 6.25 ya jimbo, na serikali za mitaa huruhusiwa kuongeza hadi asilimia 2, hivyo katika miji mikubwa utalipa asilimia 8.25. Kima cha chini cha mshahara ni kile cha serikali kuu, dola 7.25 kwa saa. Waajiri wengi hulipa zaidi, lakini hakuna sheria ya mji itakayokuongezea.

Kodi ya majengo ndiyo inayotofautisha anwani na anwani. Haitozwi na mkono mmoja: wilaya ya shule huchukua fungu kubwa, kisha kaunti, mji, wilaya ya hospitali, chuo cha jamii, na katika mitaa mipya ya pembezoni, hasa kuzunguka Houston, wilaya ya maji iliyoanzishwa ili kulipia mabomba na mifereji ya mtaa huo. Chukua mfano wa nyumba mbili za dola 300,000. Ya kwanza iko katika mtaa wa zamani na jumla ya viwango vyake ni asilimia 2.2, ya pili iko katika mtaa mpya wenye wilaya ya maji na jumla ni asilimia 3. Kabla ya punguzo lolote, ya kwanza inadaiwa dola 6,600 kwa mwaka na ya pili 9,000, yaani tofauti ya dola 200 kila mwezi kwa nyumba za bei moja. Mwenye kuishi katika nyumba yake mwenyewe ana haki ya punguzo, ambalo tangu 2025 huondoa dola 140,000 kwenye thamani inayotozwa kodi ya shule, lakini punguzo hilo haligusi fungu la wilaya ya maji, na haliji mpaka uliombe.

Kuna mtego mmoja ambao nilinasa mwenyewe. Nyumba mpya kabisa inaponunuliwa, kodi ya mwaka wa kwanza mara nyingi hukadiriwa kwa thamani ya kiwanja kitupu, kwa kuwa Januari ile, thamani ilipokadiriwa, nyumba ilikuwa haijasimama. Mkopeshaji akapanga malipo yangu ya mwezi kwa kodi hiyo ndogo. Mwaka wa pili ikaja barua ya kurasa mbili: kodi imetozwa kwa nyumba nzima, akaunti ambamo mkopeshaji huweka fedha za kulipia kodi ina pengo, na malipo ya kila mwezi yanapanda kwa zaidi ya dola 500 ili kuziba pengo la nyuma na kulipia la mbele. Hakuna aliyekuwa amenidanganya. Hakuna aliyekuwa ameniambia pia. Ukinunua nyumba mpya, mwambie mkopeshaji akupigie hesabu kwa kodi ya nyumba iliyokamilika, na umwombe aiandike.

Sasa njia ya kuvipata vyote hivi bila kumtegemea dalali. Kila kaunti ina ofisi ya uthamini wa majengo, na tovuti yake iko wazi kwa mtu yeyote. Ingiza namba ya nyumba na jina la mtaa, na ukurasa mmoja utakuonyesha thamani, kaunti, mji kama upo, wilaya ya shule, wilaya ya hospitali, chuo na wilaya ya maji, kila mmoja na kiwango chake. Ukurasa huo unajaza nusu ya mstari wako kwenye daftari kwa dakika tatu. Mpangaji naye autazame, kwa sababu mipaka hiyohiyo ndiyo itakayoamua shule ya mtoto wake na hospitali yake.

Ongeza bima ya gari, ambayo hubadilika kwa postikodi hata ndani ya mji mmoja, na barabara za kulipia. Katika viunga vya kaskazini mwa Dallas na pembezoni mwa Houston, safari ya kila siku inaweza kupita kwenye vituo kadhaa vya malipo, na asiye na kibandiko kwenye kioo cha gari hutumiwa ankara nyumbani kwa bei ya juu zaidi.

Hatua ya tatu: uliza maji yalifika wapi

Hapa nakaa kwa muda, kwa kuwa ndipo mgeni anapotazama kidogo kuliko pote. Agosti 2017 kimbunga Harvey kilimwaga mvua juu ya Houston kwa siku kadhaa, na nyumba nyingi zilizozama zilikuwa nje ya maeneo yaliyochorwa kwenye ramani kuwa ya hatari. Magharibi mwa mji kuna mabwawa mawili, Addicks na Barker, yaliyojengwa kuzuia mafuriko, ambayo kwa siku nyingi za mwaka huonekana kama msitu na viwanja vya michezo. Mitaa ilijengwa hadi ndani ya eneo ambalo maji yake hupanda yanapojaa, na maelfu ya nyumba zilipata maji, nyingine kwa bwawa kujaa na nyingine kwa maji yaliyofunguliwa kuelekea chini.

Fanya mambo matatu. Kwanza, fungua ramani za mafuriko za FEMA, idara ya serikali kuu inayoshughulikia maafa, na uingize anwani. Maeneo yanayoanza na herufi A ni ya hatari kubwa, na X ni ya hatari ndogo zaidi, ingawa Harvey ilionyesha kwamba X si kinga. Pili, ikiwa unapanga, dai karatasi ya tamko la mafuriko: tangu Januari 2022 sheria ya Texas inamlazimu mwenye nyumba kumweleza mpangaji kwa maandishi iwapo jengo liko katika eneo la mafuriko na iwapo maji yameiharibu nyumba hiyo katika miaka mitano iliyopita. Tatu, nunua bima ya mafuriko kivyake, kwa kuwa bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, na ile ya mpango wa taifa kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30. Mtu hawezi kuikimbilia kimbunga kikiwa kwenye televisheni. Mpangaji pia anaweza kuinunua kwa ajili ya vitu vyake.

Kisha tumia macho yako. Niliwahi kumsindikiza ndugu mmoja kutazama fleti ya chini kusini-magharibi mwa Houston, iliyopakwa rangi nyeupe hata inanukia upya. Nikaingiza mkono nyuma ya friji. Ukuta ulikuwa na kiungo kilichonyooka, usawa wa kiuno, kilichozunguka jikoni yote: chini ubao mpya laini, juu ubao wa zamani wenye mikwaruzo. Ndivyo wanavyotengeneza nyumba iliyoingia maji, wanakata ukuta ulioloa kwa kipimo kimoja nyumba nzima na kupachika mwingine. Msimamizi alisema ni ukarabati wa kawaida. Tulimshukuru, tukaondoka, na ndugu yule akapanga ghorofa ya pili mtaa wa nyuma yake kwa dola 40 zaidi.

Mikoa mingine ina balaa zake. Dallas na Fort Worth zina vimbunga vya nchi kavu na mvua ya mawe inayotoboa paa, na mkataba wa bima ya nyumba huko mara nyingi humtaka mwenye nyumba abebe kwanza asilimia 1 au 2 ya thamani ya nyumba, si kiasi maalumu cha dola. Isome sentensi hiyo. Pwani, kama Galveston na Corpus Christi, bima ya upepo hukatwa kivyake. Ukanda wa vilima kati ya Austin na San Antonio, pamoja na mabonde yaliyo magharibi yake, una udongo mwembamba juu ya mwamba, hivyo mto hupanda kwa muda mfupi sana. Julai 2025 mto Guadalupe uliua watu zaidi ya 100 katika kaunti ya Kerr peke yake. Nyumba yenye mandhari ya mto ni nzuri kwa picha.

Umeme nao una jiografia. Sehemu kubwa ya jimbo iko kwenye gridi yake yenyewe, yaani mtandao wake wa umeme, isiyoungana vya kutosha na majirani, na baridi kali ya Februari 2021 ilipoivunja, mamilioni ya watu walikaa gizani kwa siku kadhaa. El Paso imeungwa kwenye gridi ya magharibi, na iliponea kwa kiasi kikubwa. Houston ina tatizo lake la nguzo na miti: kimbunga Beryl cha Julai 2024 kiliwakatia umeme wateja zaidi ya milioni mbili, katika joto. Ikiwa nyumbani kuna mtu anayetegemea mashine ya oksijeni au dawa ya kuhifadhiwa kwenye baridi, suala hili lipande juu ya mengine yote kwenye daftari.

Zaidi ya hapo, Austin na San Antonio zina mashirika ya umeme yanayomilikiwa na mji, nawe hulipa bei yao. Katika Houston, Dallas na Fort Worth unachagua mwenyewe mwuzaji, na matangazo yamejaa ujanja. Angalia karatasi ya maelezo ya mpango, ambayo kisheria lazima ionyeshe bei ya matumizi ya kilowati-saa 500, 1,000 na 2,000. Mipango mingi hung'ara kwenye 1,000 kamili kwa sababu ya punguzo linalotolewa hapo tu, na ukitumia 950 unalipa bei nyingine kabisa.

Hatua ya nne: shule kwa anwani, na shule kwa jina

Mipaka ya wilaya za shule haifuati mipaka ya miji. Unaweza kuishi Houston na mtoto akasoma wilaya ya Alief, au ukaishi Fort Worth na mtoto akawa wa wilaya ya Keller. Idara ya elimu ya jimbo hutoa alama za A hadi F kwa kila wilaya na kila shule, na tovuti yake ya ukadiriaji inaruhusu kutafuta kwa anwani. Tazama alama ya shule yenyewe kuliko ya wilaya. Wilaya yenye sifa nzuri inaweza kuwa na shule dhaifu, na wilaya inayosemwa vibaya ikawa na shule ambayo mzazi angeililia. Wilaya ya Houston, iliyo kubwa kuliko zote jimboni, ilichukuliwa na jimbo Juni 2023, na tangu hapo shule nyingi zimebadilishwa mtindo wa ufundishaji, hivyo maelezo ya mtu aliyesomesha watoto huko miaka sita iliyopita hayatoshi.

Baada ya kuitazama tovuti, piga simu ofisi ya shule. Mitaa mipya inapojengwa, mipaka huchorwa upya, na dalali anayesema "ni ya shule ile nzuri" huenda anasema ya mwaka jana. Muulize karani pia jinsi watoto wasiojua Kiingereza wanavyosaidiwa, na kama basi la shule linapita mtaani kwako.

Jambo moja ambalo watu wetu wengi hawalijui: mtoto wa miaka minne asiyezungumza wala kuelewa Kiingereza ana sifa ya kuingia darasa la awali la shule ya umma bila malipo, bila kujali kipato cha wazazi, mradi wilaya inaliendesha. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili nyumbani, basi, anaweza kuingia kwa sababu ya Kiswahili chake.

Kwa anayetaka kusoma mwenyewe, vyuo vya jamii hutoza bei ya chini kabisa kwa mkazi wa eneo lao, bei ya kati kwa mkazi wa jimbo aliye nje ya eneo, na ya juu kwa wengine. Mwanamke anayesomea uuguzi Tarrant County College huku akiishi ng'ambo ya mpaka wa kaunti analipa zaidi kwa kila somo, muhula baada ya muhula.

Hatua ya tano: hospitali ina mpaka

Texas haijapanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, iwafikie watu wazima wenye kipato kidogo, kwa hiyo mtu mzima mwenye afya asiye na bima ya kazini anaweza kukosa pa kushika. Kinachobaki ni hospitali za umma za kaunti: Harris Health kwa Houston, Parkland kwa Dallas, JPS kwa Fort Worth, University Health kwa San Antonio. Hizi zina mipango ya kuwapunguzia gharama wakazi wenye kipato kidogo, lakini ni wakazi wa kaunti yao. Kaunti tajiri za jirani, kama Fort Bend na Collin, hazina mfumo wa namna hiyo. Familia iliyofika karibuni, ambayo baba ana kazi ya ghala isiyo na bima na mama ni mjamzito, isihamie kiungani kwa sababu ya nyumba kubwa kabla haijahesabu hilo.

Hatua ya sita: endesha safari kabla ya kuhamia

Texas ni ya gari, na kwa miji mingi hakuna mjadala. Arlington, iliyo katikati ya Dallas na Fort Worth na yenye watu 394,266 katika sensa ya 2020, haina mabasi ya kawaida ya mji. Ina magari madogo ya kuitwa kwa simu. Dallas ina reli ndefu ya mijini, lakini huduma hiyo hulipiwa na miji iliyojiunga nayo, na viunga ambavyo havikujiunga, kama Frisco na McKinney, havifikiwi. Houston ina mabasi mengi na reli fupi inayopita kwenye hospitali kuu. San Antonio ina mabasi tu. Asiye na gari atafute fleti iliyo kwenye njia ya basi linalokuja mara kwa mara, kisha asome ratiba ya usiku na ya Jumapili, kwa sababu zamu za hospitali na maghala ndizo zinazoangukia saa hizo.

Mwenye gari naye asiamini ramani ya simu saa nne asubuhi. Kalale karibu na nyumba unayoitaka, uamke saa ya zamu yako, uendeshe hadi mlango wa kazi, na jioni urudi. Dakika 25 za ramani zimewahi kunigeukia 70.

Hatua ya saba: watu

Jumuiya ya Waswahili ni sababu halali ya kuchagua mji, wala mtu asione haya kuitaja. Dallas–Fort Worth na Houston zina makanisa yenye ibada za Kiswahili, misikiti yenye watu wa pwani, maduka yenye unga wa sembe na samaki wakavu, na vikundi vya kufa na kuzikana ambavyo hukusanya michango ya kusafirisha mwili kabla machozi hayajakauka. Viwanja vya ndege vya miji hiyo miwili vina safari za moja kwa moja kwenda Dubai, Doha na Istanbul, hivyo ni kituo kimoja tu hadi Nairobi au Dar es Salaam, jambo linalopimwa vizuri siku unapoitwa nyumbani kwa msiba.

Lakini miji midogo isidharauliwe. Abilene, karibu kilomita 290 magharibi mwa Dallas, imepokea wakimbizi kwa miaka mingi, Wakongomani wakiwa miongoni mwao. Foleni hakuna, shule hazisongamani, na watu hujuana kwa majina. Nimewaona walioondoka huko kufuata jamaa Houston wakarudi baada ya mwaka mmoja. Kinachopungua ni ngazi za kupanda: kazi za aina moja, madaktari bingwa wachache, chuo kikuu cha umma kilicho mbali.

Jihadhari na jamaa anayekuita. Anakuita kwa mapenzi, na anakuita pia kwa sababu upweke ni mzito. Muulize analipa nini kwa mwezi, kila kitu, na akisita, subiri.

Hatua ya nane: panga kwanza

Hata mwenye fedha za malipo ya awali apange mwaka mmoja katika kaunti anayoifikiria. Asome kifungu cha kuvunja mkataba kabla ya kutia saini, aombe mkataba wa miezi mifupi ikiwezekana, na aache joto la Agosti, ambalo hupita nyuzi 38 kwa siku nyingi, limpe ankara yake ya kwanza ya umeme.

Nikilazimishwa kutaja majina, basi ni haya. Familia mpya isiyo na gari wala bima: ndani ya kaunti ya Harris au Dallas, kwenye njia ya basi, ghorofa ya pili. Muuguzi mwenye watoto wa shule: Fort Worth au viunga vyake vilivyo ndani ya kaunti ya Tarrant, penye hospitali nyingi na bei ambazo bado zinahimilika, ingawa mji umevuka watu milioni moja na hazitabaki hivyo. Dereva wa lori asiye na familia: popote kusini mwa Dallas penye maegesho salama. Mhandisi wa kompyuta: Austin ikiwa mshahara umeandikwa kwenye barua, San Antonio ikiwa anafanyia kazi nyumbani. Mgonjwa wa muda mrefu: Houston, karibu na hospitali, mbali na kijito, na jenereta ndogo stoo.